Mtoto Aliyepewa Ufunguo wa Kanisa

Katika kitabu cha 1 Samweli, sura ya 3, kuna jambo ambalo sisi wawili tulilisoma kwa miaka mingi bila kuliona. Mmoja wetu ni mchungaji na anafundisha katika chuo cha theolojia. Somo lile amelihubiri zaidi ya mara kumi. Mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi, na amelifundisha kwa watoto wa shule ya Jumapili tangu akiwa msichana. Sote tulikuwa tukiikimbilia ile sauti inayoita usiku, na mtoto anayeamka mara tatu kumwendea Eli. Tukauruka mstari wa 7, unaotueleza kwamba wakati huo Samweli alikuwa hajamfahamu Bwana. Yaani mtoto alilala hekaluni, akafungua milango ya nyumba ya Mungu kila asubuhi, akamtumikia kuhani mzee aliyepungua macho, na kumbe yeye mwenyewe alikuwa bado.

Mstari huo tulikuja kuuona tukiwa Ujerumani, kwa njia ya binti yetu. Tumeomba ruhusa yake kuandika haya, naye amekubali kwa sharti moja, kwamba tusijifanye wema kuliko tulivyokuwa.

Tulihamia Leipzig mwaka 2015, mmoja wetu alipopata nafasi ya kuendelea na masomo. Kwa Walutheri wa upande wetu jina la mji huo si geni. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Mwaka 1896 wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Meru. Babu zetu walibatizwa katika kazi iliyoanzishwa na watu hao, na hata tarumbeta tunazopuliza sikukuu za kanisa zina asili yake kwa Wajerumani. Basi tulisafiri tukijiona kama wajukuu wanaokwenda kumsalimu babu.

Tulipofika tulikuta nyumba ya babu ina watu wachache. Sehemu ile ilikuwa Ujerumani Mashariki, chini ya serikali ya kikomunisti, na mpaka leo wakazi wengi hawana kanisa lolote. Usharika tuliojiunga nao ulikuwa pembeni mwa mji, katika kanisa la mawe lenye viti vya watu mia tatu. Jumapili ya kwanza tulihesabu watu kumi na saba, na watano kati yao tulikuwa sisi na wanetu. Hakuna aliyesimama kutukaribisha wageni, hakukuwa na kwaya nne zinazopokezana, wala mnada wa sadaka nje baada ya ibada. Saa moja ikaisha, watu wakapeana mikono, wakaondoka.

Binti yetu, kifungua mimba wetu, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Tulikuwa tumemng'oa katikati ya mafundisho ya kipaimara, mbali na rafiki zake na bibi yake. Katika majira yale ya kwanza ya baridi aliacha kuimba. Mezani ikifika zamu yake ya kuomba alinong'ona maneno mawili matatu, akasema amina. Tuliliona hilo, lakini mmoja alikuwa na vitabu vyake na mwingine anahangaika na lugha na wadogo. Tukasema atazoea.

Aliyemtazama vizuri kuliko sisi alikuwa kantori wa usharika ule, yaani mpiga kinanda na mwalimu wa nyimbo, mama wa miaka sitini na kitu. Aligundua kwamba kila kinanda kikianza yule mtoto wa Kitanzania hugeuza shingo kutazama roshani ya nyuma. Jumapili moja alishuka, akamwuliza kama angependa kupanda amsaidie kufunua kurasa. Akapanda.

Wengi wetu nyumbani tumezoea kinanda cha umeme kinachobebwa kwapani. Kinanda cha mabomba ni kitu kingine. Ni kama nyumba iliyojengwa ndani ya nyumba. Ndani yake kuna mabomba mamia kwa mamia, ya mbao na ya madini ya bati na risasi, mengine marefu kupita mtu na mengine mafupi kuliko kidole. Hewa ndiyo inayoyapa sauti. Zamani walikuwepo watu wa kukanyaga mivukuto nyuma ya kinanda ili hewa isiishe. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na feni ya umeme. Mpigaji ana safu mbili au tatu za vibao kwa ajili ya mikono, na chini kuna vibao virefu vya mbao ambavyo hupigwa kwa miguu. Pembeni kuna vipini vya kuvuta, na kila kimoja hufungulia hewa safu yake ya mabomba. Mpigaji huwapa mgongo madhabahu na watu, kwa hiyo mbele yake huwekwa kioo kidogo ili amwone mchungaji.

Katika nchi ile jambo hili lina mizizi mirefu. Johann Sebastian Bach alikuwa kantori wa Kanisa la Thomas, Leipzig, kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, na kaburi lake liko ndani ya kanisa hilo. Katika mji wa Freiberg, si mbali sana, kuna kinanda kilichojengwa na Gottfried Silbermann na kukamilika mwaka 1714, na kinapigwa mpaka leo. Kantori alimpeleka binti yetu kukiona. Jioni ile alirudi akaongea mezani mfululizo, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nyumbani.

Akaanza kujifunza. Miezi ya kwanza alipewa miguu tu: viatu vyembamba vya ngozi, vilivyokuwa vya kantori mwenyewe ujanani, na sauti ya chini ya wimbo mmoja irudiwe hata macho yasihitaji kutazama chini. Kisha mkono wa kushoto peke yake. Kisha mkono wa kushoto pamoja na miguu, na hapo ndipo machozi yalipo, kwa sababu mkono wa kushoto umezoea kudhani sauti ya chini ni yake, nao hugombana na miguu kama ndugu waliogawiwa shamba moja. Mkono wa kulia ulikuja mwisho kabisa. Alijifunza pia kupumua mahali washarika wanapopumua, maana wimbo usioachiwa pumzi huwakaba waimbaji. Alijifunza kwamba katika kanisa kubwa sauti ya watu humfikia mpigaji ikiwa imechelewa, na kwamba akiwasubiri, nao wakimsubiri, wimbo utasinzia. Inampasa awasikilize na wakati huohuo aende.

Baada ya mwaka mmoja kantori alimpa ufunguo wa kanisa. Ulikuwa wa chuma, mzito, wa kizamani. Mtoto wa miaka kumi na minne, mgeni, angeweza kuingia peke yake siku yoyote mchana kufanya mazoezi. Wakati wa baridi alivaa glavu alizokata ncha za vidole, akakaa pale juu saa nzima katika kanisa tupu.

Hapa ndipo tunapopaswa kutimiza sharti lake. Mwanzoni tulinung'unika. Tulijua tutarudi Tanzania, kuna mitihani ya taifa, na hatukuona kinanda cha mabomba kitamfikisha wapi. Kisha watu wakaanza kumsifu, nasi tukabadilika upesi. Tuliwaandikia ndugu na marafiki, tukatuma picha. Pole pole tukaanza kusema "binti yetu anayepiga kinanda katika nchi ya Bach" kama mtu anavyotaja gari lake.

Mkesha wa Krismasi wa mwaka 2017 kantori alimwachia nyimbo mbili za ibada. Usiku ule ndio pekee ambao kanisa lile hujaa, wengine wakisimama hadi mlangoni. Sisi tulipanda roshani, tukaegemeza simu kwenye ukingo, tukawarushia ibada moja kwa moja ndugu wa nyumbani na walimu wenzetu wa chuo.

Wimbo wa kwanza alipiga vizuri. Katika wimbo wa pili, mwanzo wa ubeti wa tatu, miguu ilipotea, mikono ikaitafuta, kisha vyote vikanyamaza. Tukasikia feni ikivuma. Tulitamani sakafu itumeze. Lakini wale watu, wengi wao wanaoingia kanisani mara moja kwa mwaka, hawakunyamaza. Waliendelea kuimba bila kinanda, taratibu, kama hawajaona tofauti. Kantori alisimama karibu na binti yetu, mikono nyuma, hakugusa chochote. Ubeti wa nne ulipoanza, mtoto alirudisha kipini kimoja tu cha sauti laini, akaingia chini ya sauti zao, akawafuata hadi mwisho.

Tulirudi nyumbani kimya. Alipovua koti alituuliza, "Baba, Mama, mlikuwa mnamrekodi nani?"

Tukamjibu, "Wewe, mwanetu."

"Niliiona simu kwenye kioo. Nyumbani huwa mnasema napiga kwa ajili ya Mungu."

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumeipandisha sadaka ya mtoto wetu mnadani, nasi ndio tuliokuwa tunainadi.

Januari hakwenda kanisani kufanya mazoezi. Ufunguo ulikaa juu ya kabati. Wiki ya tatu kantori alikuja kwetu, jambo lisilo la kawaida kule bila kualikwa. Tulimpa chai ya maziwa na chapati. Binti yetu alikwenda akauleta ufunguo, akauweka mezani mbele yake.

"Naurudisha," alisema. "Si kwa sababu ya kukosea. Mimi sijui kama naamini. Nikiomba ni kama naongea na chumba. Si haki kupiga nyimbo za watu wanaoamini."

Mchungaji mmoja na mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili tuliyasikia hayo kutoka kwa mtoto wetu mbele ya mgeni. Mmoja wetu alianza kumjibu kama anavyowajibu wanafunzi darasani, kwa hoja ya kwanza na ya pili. Mwingine alimkanyaga mguu chini ya meza.

Kantori alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema polepole, ili sote tumwelewe, kwamba hakumpa ufunguo kwa sababu anaamini. Alimpa kwa sababu Jumapili watu watakuja kuimba. Akaeleza habari zake mwenyewe. Ujanani mwake, kijana aliyeshikamana na kanisa angeweza kunyimwa nafasi ya masomo, na yeye alinyimwa. Alisomea muziki wa kanisa kwa kuwa mlango huo ndio uliobaki wazi. Kuna miaka alipiga kinanda akiwa na hasira tu, hana imani anayoweza kuionyesha. Washarika wale wachache waliendelea kuimba chini ya roshani, naye akawashikia wimbo. "Wao walinishikia mengine," alisema. "Usiku wa Krismasi umeona. Uliponyamaza, waliendelea. Na uliporudi, walikuwa bado pale." Akausukuma ufunguo kumrudishia, akamalizia chai yake.

Usiku ule hatukulala. Tulifungua Biblia bila mpango maalumu, tukafika kwa Samweli, na mstari wa 7 ukatusimamisha. Eli alijua mtoto yule bado. Hakumtoa hekaluni kwa sababu hiyo, wala hakumfundisha namna ya kujifanya amesikia. Alimwacha na kazi yake ya milango, na saa ilipofika alimwambia arudi akalale pale alipokuwa. Tulijiuliza, je, sisi tungefanya hivyo? Tukaona tungemwita mbele ya baraza la wazee.

Alichukua muda, lakini alirudi. Februari kulikuwa na mazishi ya bibi mmoja aliyeishi peke yake, na kantori alikuwa mgonjwa. Waliofika walikuwa watu wanne pamoja na mchungaji. Sisi tulikaa nyuma kabisa, simu zimezimwa. Binti yetu alipiga beti zote za kila wimbo, na baina ya beti aliacha pumzi ileile ambayo angewaachia watu mia tatu. Hatukumsifu. Tulimwandalia supu tu, kwa kuwa alikuwa ameganda vidole.

Mwaka 2019 tulirudi nyumbani. Usharikani kwetu kuna kinanda cha umeme, na anayekipiga ni kaka mmoja aliyejifunza kwa kusikiliza tu, hajawahi kusoma nota. Jumapili ya kwanza binti yetu alipopewa nafasi, kina mama walimpita. Alikuwa anapiga kama ilivyoandikwa, wao wanaimba kama ilivyozoeleka, na kila mahali wanapovuta sauti yeye alikuwa ameshatangulia. Mwalimu wa kwaya alimwambia kwa upole, "Mwanangu, umekuja na mwendo wa treni, sisi tunatembea." Aliumia, lakini somo alilijua tayari: awasikilize. Miezi mingi alikaa pembeni ya yule kaka akitazama mikono yake, naye akamfundisha nota. Siku moja umeme ulikatika katikati ya wimbo. Kinanda kikafa, washarika wakaendelea bila hata kugeuka. Tulimwona anacheka peke yake, na sisi wawili ndio pekee tuliojua anacheka nini.

Kinanda cha mabomba hana. Albert Schweitzer, yule mwanatheolojia na mpiga kinanda aliyekwenda Gabon kuwa daktari mwaka 1913, alikuwa na piano iliyotengenezewa vibao vya miguu, akaitumia kufanyia mazoezi katikati ya msitu. Binti yetu ana chaki. Jumamosi huchora vibao vya miguu kwenye sakafu ya ukumbi wa usharika, na watoto watano wa shule ya Jumapili wanakaa kwenye benchi wakikanyaga michoro na kuimba kwa mdomo sauti wanayoikanyaga. Vumbi linakuwa jingi, na mzee wa kanisa anayetunza ukumbi hulalamika kila wiki, kisha huwaletea maji.

Kuhusu swali lake lile la mezani hatukumwuliza tena. Tunakiri kwamba ilitugharimu. Kila alipokwenda Meza ya Bwana tulimwangalia kwa pembe ya jicho, na kila alipobaki kwenye kinanda tulijiuliza ni kazi imemweka au ni moyo. Tulimwombea kila usiku, tukauacha ulimi wetu upumzike.

Usharikani kwetu ni desturi siku ya Ijumaa Kuu vyombo vyote kunyamaza, kinanda na tarumbeta pia. Mwaka jana, Alhamisi jioni, alikuja jikoni akauliza, "Kesho hakuna kinanda, sivyo?" Tukamwambia hakuna. "Basi nitakaa nanyi," akasema.

Kesho yake alikaa katikati yetu. Tangu akiwa na miaka kumi na mitatu hatujawahi kukaa naye benchi moja ibada nzima, maana daima alikuwa juu au pembeni, mgongo kwetu. Wimbo ulipoanza aliimba. Ana sauti nzito kidogo, ya pili, hatukuwa tunaijua. Tulipofika ubeti wa tatu mmoja wetu, mchungaji, alishindwa kusoma kwa machozi akapoteza mstari. Bila kugeuka, binti yetu alisogeza kitabu chake cha Mwimbieni Bwana, akaweka kidole mahali tulipo, akaendelea kuimba.

Hatujui aliimba akiwa na imani kiasi gani. Hilo ni lake na Bwana wake. Tunachojua ni kwamba siku hiyo sisi ndio tuliopotea, naye ndiye aliyeendelea.

Mpendwa msomaji, huenda una kijana anayebeba vyombo vya kwaya, anayepanga viti, anayefunga mitambo ya sauti, na ukimwuliza habari za wokovu hujibu kwa kuinamisha kichwa. Usiharakishe kumnyang'anya ufunguo. Wala usimtangaze. Mwombee, mpe supu akirudi amechoka, na Jumapili ikifika, wewe imba. Anaweza kuwa anategemea uendelee.